Moto Hauulizi Masale

Jioni ya Jumapili, tarehe 11 Oktoba 2020, moto ulizuka katika mlima Kilimanjaro mahali paitwapo Whona, kituo cha kupumzikia wapandao kwa njia ya Marangu kati ya kambi za Mandara na Horombo. Na giza lilipoingia, watu wa Moshi na wa vijiji vilivyoelekea upande ule wakatoka majumbani mwao, wakasimama barabarani, wakauona mlima waliozoea kuuona umevaa kilemba cheupe kichwani sasa umefungwa mshipi mwekundu kifuani. Mimi niandikaye haya nilikuwa miongoni mwa waliosimama. Nakiri mapema, ili msomaji asije akadhani kwamba nasema kwa kinywa cha shujaa: nilitazama, nikapiga picha kwa simu kama wenzangu, nikasikitika kwa sauti ili nisikiwe, kisha nikarudi ndani nikalala.

Wengine hawakulala. Katika siku zilizofuata walipanda watu wapatao 500, askari wa hifadhi na wazimamoto, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, watu wa safari za mlimani ambao mwaka ule wa korona walikuwa wamekaa bila wageni, na pamoja nao wakulima, watu wa migomba na kahawa, ambao hawakuwa na mshahara wala sare wala viatu vya kufaa, wakachukua mapanga yao na majembe yao wakaufuata moto kule uliko. Kilometa za mraba zipatazo 95 ziliteketea kabla moto haujashikwa. Magazeti yakawasifu watu hao, wakubwa wakawashukuru, na sisi wa barabarani tukawapigia makofi waliposhuka.

Sifa hizo wamezistahili, wala sina nia ya kuzipunguza hata chembe. Walakini, limo ndani yake kosa ambalo kila moto ukizimika tunalirudia, nalo ni kudhani kwamba wema ule ulizaliwa siku moja na moto wenyewe, kana kwamba mtu mwenye moyo mwema akiuona moshi huinuka tu akaenda. Hasha. Wenye mioyo myema tulikuwa wengi barabarani usiku ule. Aliyeinuka ni yule aliyezoea kuitwa. Anayemjua anayemwita, anayejua akifika atasimama wapi, na nani atakuwa kuliani kwake na nani kushotoni, na anayejua fika kwamba asipokwenda, kesho ataulizwa. Mazoea hayo moto hauna wasaa wa kuyafundisha. Lazima mtu aende nayo.

Kwetu Uchaggani mwalimu wa mazoea hayo alikuwa mfongo. Kwa msomaji asiyepata kufika huko, mfongo ni mtaro wa maji ambao wazee wetu waliuchimba kwa zana za mkono kutoka bonde la mto kule juu msituni, wakauzungusha ubavuni mwa mlima kwa hesabu ambayo wageni wa Kizungu waliofika karne ya 19 waliistaajabia, hata ukafika katika kihamba, yaani shamba la nyumbani, chini ya migomba na mibuni, ukagawanywa saa kwa saa na nyumba kwa nyumba. Mfongo hauvumilii uvivu wa mtu hata mmoja, kwa kuwa ukingo ukibomoka mahali pamoja, walio chini ya pale wote hukosa maji, mwema na mbaya, mwenye deni na asiye na deni. Kwa sababu hiyo kila mfongo ulikuwa na watu wake, na mzee wake, na siku yake ya kazi. Nimeiona siku hiyo mara nyingi tangu utoto wangu: alfajiri ya baridi, umande bado u juu ya majani ya migomba, wanaume wamejipanga kando ya mtaro kila mmoja na jembe lake, na mzee akitembea mbele yao na fimbo, akipima kwa hatua sehemu ya kila nyumba, wala hapakuwa na aliyethubutu kunung'unika kwamba sehemu yake ina mizizi mingi kuliko ya jirani. Jina likitajwa likakosa wa kuitikia, mzee hasemi neno. Hugeuza shingo tu akaitazama nyumba ya yule mtu, na faini yake, zamani mtungi wa pombe ya mbege na siku hizi fedha, hujulikana kijiji kizima kabla yeye mwenyewe hajaamka.

Moto wa kwanza niliouona kwa karibu haukuwa wa mlimani. Ulikuwa mwisho wa vihamba, pale migomba inapoishia na mahindi yanapoanza, mwezi wa Septemba, wakati majani yamekauka hata ukiyakanyaga yanalia. Jirani yetu mmoja, mtu mpole asiyekuwa na ugomvi na yeyote, alikuwa akichoma mabua asafishe shamba kabla ya vuli; adhuhuri upepo ukageuka, na mimi, mtoto wa miaka kama tisa, nikauona moto ukija kwa mwendo wa mtu anayetembea haraka. Baina ya shamba lake na letu palikuwa na safu ya masale. Sale ni mmea tu kwa mgeni, lakini kwa Mchagga ni mpaka, tena ni heshima kuliko mpaka, kwa maana mtu aliyekosa akimletea mwenziwe jani la sale kuomba radhi, ni aibu kubwa yule mwenye kuombwa kukataa. Kwa akili yangu ya kitoto nilidhani kwamba moto ukifika kwenye masale utasita. Haukuuliza. Ulipita juu yake, ukayaacha yamenyauka na kusinyaa, ukaingia kwetu.

Yowe lilipigwa mara moja, nadhani na mama yangu, kisha likapokewa nyumba ya pili na ya tatu likapanda mlima. Yaliyofuata ndiyo ninayotaka msomaji ayatie moyoni. Watu walipofika hawakukusanyika mahali pamoja wakapigiana kelele, kama nilivyokuja kuona mjini nilipokuwa mtu mzima, duka linaungua na kila mtu ni jemadari. Walijipanga. Walisimama kwa mfuatano uleule wa nyumba waliousimamia siku ya mfongo, wala sikumsikia mtu akiwaamuru. Wa mbele walikwenda hatua nyingi kuupita moto, wakaanza kulima ukanda wa udongo mtupu, ambao watu wa misitu huuita kinga moto. Wa kati walikata matawi mabichi. Mzee mmoja, tuliyemwita Meku sote ingawa hakuwa babu wa yeyote kati yetu, alimkuta kijana anayapiga majani yanayowaka kwa nguvu zake zote, cheche zinaruka huku na huku, akamshika mkono akamwambia, "Usipige. Gandamiza, uhesabu mpaka tatu, ndipo uinue." Mama aliivua kanga ya begani akaichovya ndooni, akawa anatembea nyuma ya watu akitazama chini, cheche iliyovuka ukanda anaifunika kama mtu afunikaye vifaranga. Na ukanda ulipokwisha, Meku mwenyewe akawasha moto wa pili kwenye ukingo wake, ukarudi nyuma kuukuta wa kwanza, na mioto miwili ilipokutana haikuwa na cha kula ikafa pamoja.

Kesho yake jirani alikuja na jani la sale, nalo likapokelewa. Lakini wazee walikaa, na shauri lao nimelikumbuka miaka yote hii. Hawakumtoza kwa ajili ya kuchoma, maana kila mtu alichoma shamba lake mwaka ule. Walimtoza kwa sababu alinyamaza: hakuwaambia majirani kwamba leo nawasha, ili wawepo. Na kwa maoni yangu, kama tungelifuata shauri lile tangu mlimani hadi pwani, nusu ya mioto ya nchi hii ingezimwa kabla haijapata jina.

Moto wa mlimani ni mkubwa zaidi, tena una hila zaidi. Juu ya msitu wa mvua, kadiri ya mita 3,000 na zaidi, vimeota vichaka ambavyo wataalamu huviita erika, majani yake membamba kama sindano, ambayo wakati wa kiangazi yakiguswa na moto hulipuka kana kwamba yamepakwa mafuta. Chini yake ardhi yenyewe ni mboji na mizizi iliyolundikana miaka mingi, kwa kuwa baridi haiiachi kuoza upesi. Moto huingia humo ukajificha, watu wakamshukuru Mungu kwamba umekwisha, na kesho yake jua likipanda unachomoza hatua hamsini nyuma yao. Mchana upepo hupanda kutoka bondeni ukausukuma moto juu, usiku hewa baridi huteremka ikaurudisha chini, hata mtu akidhani anaukimbiza kumbe anaukimbilia. Hewa ni nyepesi, kifua hubana kwa kazi ndogo. Maji yapo yale tu yaliyobebwa mgongoni, nayo ni ya kunywa. Kwa hiyo hata katika zama hizi za helikopta, mahali pale kazi ya kumaliza moto hurudi kwa panga, jembe na tawi bichi, na kwa mtu aliyeshika vitu hivyo tangu utoto hata viganja vyake vikafanya sugu. Nasema haya kwa sababu wapo wanaomdhania mkulima aliyepanda mlimani kuwa ni msaidizi wa wenye ujuzi. Katika kazi ile yeye ndiye mwenye ujuzi.

Atasema mtu: moto wa mita 3,000 unanihusu nini mimi mwenye migomba yangu mita 1,400? Jibu liko ndani ya mfongo. Mwaka 2005 mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu miaka mingi, alieleza jambo ambalo hatukulisikiliza sawasawa, yaani kwamba maji tunayoyapoteza kwa kuungua kwa msitu wa juu ni mengi kuliko tunayoyapoteza kwa kuyeyuka kwa barafu. Sisi sote tunaililia theluji, na si ajabu, maana tangu 1912 imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 na kila mwenye macho anaona. Ila barafu ile maji yake ni kidogo. Anayetunywesha ni mti mfupi uliopinda, wenye ndevu za kijivu matawini, uliosimama ndani ya ukungu asubuhi na jioni. Ukungu unapita, mti unaunasa kwa majani na kwa ndevu zake, tone moja, tone la pili, likashuka kwenye mboji, mboji ikalitunza, likatokea chemchemi. Mti huo ukiungua ukungu huja vilevile kama kawaida yake, ukapita, ukaenda zake, na hapana wa kuusimamisha.

Wala si Mchagga peke yake anayekunywa maji hayo. Yanashuka kwa mito mingi hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, yakaingia mto Pangani, yakazungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Pangani, yakawanywesha watu na mifugo na mashamba ya njiani, ndipo yakamwagika baharini pale mji wa Pangani, ambako mvuvi anayetweka tanga huenda hajapata kuona mgomba wa Kibosho katika maisha yake. Mvuvi huyo naye ana sehemu yake katika moto wa Whona. Sijui tutamwitaje yeye, yowe halifiki huko.

Sasa nalifikia neno gumu, ambalo mwandishi wa mawaidha akiliruka anakuwa mnafiki. Nimelisikia kijijini zaidi ya mara moja, kwa watu wazima wenye akili zao: "Msitu ukiwa mbichi ni wa serikali, ukiwaka moto ndipo unakuwa wetu." Neno hili halikuzuka bure. Mwaka 1941 ulitengwa ukanda chini ya msitu, ambao hata leo tunauita nusu maili, ili wananchi wapate humo kuni na majani ya ng'ombe na miti ya kujengea, nalo baraza la Wachagga likaushika kama mali ya watu wake. Zama zikageuka, wenye kuusimamia wakabadilika na kubadilika tena, na mwaka 2005 msitu wa mlima ukaunganishwa na hifadhi ya taifa, ambayo yenyewe ilianzishwa mwaka 1973. Ziko sababu za maana za kufanya hivyo, kwani miti ilikuwa inakatwa usiku na mchana, nasi tulikuwa tukijua wakataji ni nani. Lakini mama anayefukuzwa leo kwa mzigo wa kuni kavu, kisha keshokutwa anaombwa mwanawe akazime moto mahali palepale, si mkosaji akiuliza swali.

Swali lake ni la haki, na lina mahali pake pa kuulizwa: katika mkutano wa kijiji, wakati wa masika, watu wameketi na wakubwa wamekuja na madaftari yao. Hapo namshauri aulize kwa sauti, tena asikubali kujibiwa kwa ahadi. Moto ukishawaka, hata hivyo, swali hilo haliwezi kujibiwa na yeyote. Aliyekaa nyumbani kwa hasira hamkomoi askari wa hifadhi, ambaye mshahara wake hautoki katika chemchemi; anamkomoa mwanawe atakayeukuta mfongo una mchanga. Na upande wa pili nao una wajibu wake, ambao hautimizwi kwa cheti cha shukrani. Mtu akiitwa kupanda mita 3,500 usiku, apewe cha kujifunika. Apewe viatu. Ale. Ahesabiwe anapopanda na ahesabiwe anaposhuka, kwa jina, ili mkewe asikae barabarani siku mbili akiuliza kila gari. Na katika mwezi wa Juni, moto haujafikiriwa na yeyote, aulizwe njia za kinga moto zipite wapi, kwa sababu yeye ndiye ajuaye bonde lipi lina upepo.

Juu ya chanzo cha moto wa 2020, wakuu wa hifadhi walisema kwamba huenda ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Mara tukafurahi, tumempata wa kumlaumu, naye ni maskini asiye na gazeti. Sitamtetea mpagazi aliyeacha kaa hai, ni taksiri kubwa. Lakini tuhesabu kwa insafu: yuko mrina asali anayepanda na mwenge akauacha chini ya mzinga, yuko mchoma mkaa wa siri, yuko mvutaji anayetupa kichungi dirishani mwa gari, na niko mimi na wewe tunaowasha mabua mwezi wa Septemba bila kumwambia jirani. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inazo ibara zake juu ya moto, wala si mpya. Sijaona mkutano wa kijiji ambao zilisomwa hata mara moja, nami nimekaa mikutano mingi, baadhi yake mirefu kuliko faida yake.

Tena adui huyu hatujii kwa ghafula kama tunavyopenda kusema. Miaka miwili na siku kumi baada ya moto wa Whona, tarehe 21 Oktoba 2022, moto mwingine ulizuka upande wa kusini, karibu na kambi ya Karanga, kadiri ya mita 4,000, na kwa majuma kadhaa watu wakapanda na kushuka na kupanda tena, wapagazi na wanakijiji na wanafunzi, vilevile kama mara ya kwanza. Oktoba na Oktoba. Kabla ya vuli, majani yamekauka, upepo umeanza. Jambazi gani mwingine huleta barua ya kwamba atakuja mwezi fulani, na wenye nyumba wakalala mlango wazi?

Shime, basi, ndugu zangu wakulima, tuliangalie jambo hili kwa utulivu. Wako watakaosema kwamba ujima umekufa, vijana wamekimbilia bodaboda, mfongo umekauka kwa kuwa maji ya bomba yamefika, na mzee wa kupima kwa hatua amekwenda kaburini na fimbo yake. Kwa mfongo nakubali, mingi imekufa na nimeona nyasi zimeota ndani yake. Lakini kwamba sisi ni watu tusioweza tena kuitana, hilo ni uongo, na ushahidi wake ni misiba yetu. Mtu akifa saa nne usiku, saa tano mwenyekiti wa mtaa ameshapata habari, saa sita mweka hazina ameshafungua daftari. Alfajiri turubai limesimama, viti vimehesabiwa, masufuria matatu yako motoni, na mtoto wa marehemu aliyeko Dar es Salaam ameambiwa kiasi cha mchango wake kabla hajamaliza kulia. Hapana wizara inayotufundisha haya. Kundi la simu la mtaa, ambalo mchana kutwa hujaa salamu na picha za maua, likipata habari ya msiba hugeuka kuwa jeshi. Nauliza, nini kinatuzuia kuliandikisha jeshi hilohilo kwa ajili ya moto? Majina yapo. Mweka hazina yupo. Masufuria yapo, na wapishi wake ni kina mama walewale ambao mwaka 2020, bila kuandikiwa barua, walichemsha ndizi na kutafuta maji ya kupeleka kwa waliokuwa mlimani.

Linalohitajika ni dogo, na ndiyo sababu linasahaulika. Katika kila mtaa mtu mmoja ajulikane kuwa ndiye mpiga yowe, kwa simu na kwa filimbi pia, kwa kuwa mlimani simu hushika kwa mapenzi yake. Mwenye kutaka kuchoma shamba atoe habari siku moja kabla, na majirani wawili wawepo, wala asione ni fedheha kuomba. Mwezi wa Juni au Julai, kahawa haijaiva yote, siku mbili zitengwe za kufyeka kinga moto, kwa zamu, kwa hatua kumi kumi za nyumba kama za mfongo, na asiyefika atozwe. Msinione katili kwa kusema atozwe, maana faini ndiyo iliyomfanya baba yangu aamke, naye alikuwa mtu mwema. Vijana wafundishwe na wazee kugandamiza na kuhesabu mpaka tatu. Jambo hili la mwisho nalitilia mkazo, kwa kuwa wanaolijua wanapungua kila mwaka, na hakuna daftari lililoandikwa ndani yake jinsi ya kushika tawi.

Ama nyinyi mliotoka, mnaokuja Desemba na magari yenu hata barabara ya Marangu haipitiki, mkachinja na kunywa na kuusifia mlima wenu mbele ya wageni: Oktoba mko wapi? Naliuliza swali hili nikijua vizuri kwamba mimi ni mmoja wenu.

Mwaka uliopita nilikwenda nyumbani mwezi wa Juni, jambo ambalo si desturi yangu, nikamtafuta katibu wa mfongo wetu, ambao bado unatiririka japo kwa shida. Ni mzee wa makamo, mkulima wa kahawa, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja. Alinitolea daftari la mstari lililoviringwa katika mfuko wa nailoni, akalifungua juu ya gunia la parachichi. Majina yalikuwa yameandikwa kwa mfuatano wa nyumba, kuanzia juu kushuka chini, na mbele ya kila jina alama: aliyefika, aliyetuma mtu, aliyelipa. Nilimweleza mawazo yangu yote haya niliyoyaandika hapa, kwa urefu, naye akasikiliza kwa adabu huku akipangusa udongo kwenye kucha. Nilipomaliza alichukua rula, akachora mstari wima pembeni mwa ukurasa, akaandika juu yake neno MOTO kwa herufi kubwa. Kisha akashuka kwa kidole jina kwa jina hadi akalifikia la marehemu baba yangu, ambalo lilikuwa bado limo, likiwa na alama za kulipa miaka yote tangu afariki, kwa sababu ndugu yangu ndiye anayelipa.

"Nilifute niandike lako?" akauliza.

Nikamwambia aandike.

Akaandika polepole. Alipofika kwenye safu ile mpya aliinua kalamu, akanitazama juu ya miwani, akaniuliza kama katika hiyo nitakuja mwenyewe au nitatuma fedha, maana watu wa mjini hutuma fedha. Kuku alikuwa anaparua chini ya migomba, na maji ya mfongo yalisikika kwa mbali. Nilikawia kumjibu, naye hakunihimiza; alishika kalamu vilevile, akingoja.